Miji Iliyojengwa Mara Mbili

Msafiri anayeingia katika Mji Mkongwe wa Warsaw bila kusoma lolote kabla ataona kile hasa alichokuja kukitafuta Ulaya: nyumba nyembamba za ghorofa tatu na nne zilizosimama bega kwa bega kuuzunguka uwanja wa soko, kuta zilizopakwa rangi za manjano, kijani na waridi iliyofifia, milango ya mawe yenye nakshi, na vichochoro vinavyoteremka kuelekea mto Vistula. Atapiga picha akiamini kwamba anaitazama karne ya 17. Nyumba hizo, hata hivyo, ni changa kuliko baadhi ya wazee wanaoketi kwenye mabenchi yaliyo mbele yake. Uwanja wenyewe ulifunguliwa upya mwezi Julai 1953.

Nimeizuru miji kadhaa ya Ulaya, na kadiri nilivyotembea ndivyo nilivyozidi kuvutwa na majengo yaliyoanguka na kuinuliwa tena kuliko yale ambayo hayakuguswa na lolote. Kanisa lililosimama salama kwa miaka mia saba linamsimulia mtazamaji habari za waliolijenga. Jengo lililorudishwa linamsimulia pia habari za waliolikosa: walichoona kinastahili kurudi, walichokiacha kifusini kwa makusudi, na walichokibadilisha kidogo wakitumaini kwamba hakuna atakayegundua.

Kuharibiwa kwa Warsaw hakukuwa ajali ya vita. Uasi wa wakazi dhidi ya jeshi la Ujerumani ulipozimwa mwanzoni mwa Oktoba 1944, watu walitolewa mjini, kisha vikosi vilivyopewa kazi hiyo vilipita mtaa kwa mtaa vikichoma na kulipua, na majengo yenye historia hayakusazwa. Zaidi ya asilimia 85 ya kitovu cha kale iliangamizwa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba lilitolewa wazo la kuhamishia makao makuu ya nchi katika mji wa Łódź. Badala yake, Februari 1945 iliundwa ofisi maalumu ya kuujenga upya mji mkuu, nayo ikaanza kukusanya kila karatasi iliyookoka: vipimo na michoro iliyofanywa na wanafunzi wa usanifu majengo wa chuo kikuu cha ufundi cha Warsaw, picha za kamera za miaka ya kabla ya vita, na michoro ya rangi ya Bernardo Bellotto, Mwitaliano aliyeichora mitaa hiyo kwa ajili ya mfalme wa Poland katika karne ya 18. Bellotto alichora kwa uangalifu mkubwa, ila hakuwa mtumwa wa kile alichokiona, na pale ambapo jengo halikumpendeza aliweza kulitengeneza kwa brashi. Kwa hiyo zipo sehemu za Warsaw zilizojengwa kwa kufuata picha ya majengo ambayo hayakuwahi kuwa hivyo kamwe, jambo ambalo mimi linanifurahisha kuliko kunikera.

Aliyezunguka nyuma ya nyumba za uwanjani ataona kwamba nakala hiyo haikukusudiwa kuwa kamili. Kabla ya vita ua za ndani zilijaa vibanda na vyumba vya nyongeza vilivyobanana bila hewa wala mwanga. Vyote hivyo havikurudishwa, na nyuma ya kuta zinazodai kuwa za kale ziliwekwa makazi ya wafanyakazi yenye mabomba, vyoo na madirisha yanayopata jua. Nakshi nyingi zilizochorwa kwenye lipu ya mbele ni kazi ya wasanii wa miaka ya 1950, wala hawakujificha. Chini ya Mji Mkongwe huohuo inapita barabara ndani ya handaki lililofunguliwa mwaka 1949. Matofali, kwa upande wake, yalikusanywa mbali na karibu, na sehemu ililetwa kutoka Wrocław na miji mingine iliyokuwa ya Ujerumani, ambako kuta zilibomolewa ili mji mkuu upate kusimama. Deni hilo huko Warsaw halitajwi sana. Shirika la UNESCO lilipouingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, halikudai kwamba nyumba zake ni za kale. Lilichokitambua ni kazi ya kuzirudisha.

Kando ya jumba la kifalme, ambalo lenyewe lilianza kujengwa upya katika miaka ya 1970 tu, kuna nguzo ndefu ya Mfalme Sigismund iliyosimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1644 na kuangushwa mwaka 1944. Sanamu iliyo juu iliokolewa, lakini nguzo inayoibeba ni mpya, na vipande vya nguzo za zamani vimelazwa karibu na ukuta wa jumba. Watalii wengi huvipita bila kugeuza shingo. Kwangu vilikuwa kitu cha kweli kuliko vyote nilivyoviona mjini humo.

Frankfurt niliipitia kwa haraka, na sijutii haraka hiyo. Kati ya kanisa kuu na ukumbi wa jiji kulikuwa na jengo kubwa la zege la ofisi za manispaa, lililokamilika mwaka 1974 na kubomolewa miongo michache baadaye. Mahali pake, mwaka 2018, ulikamilika mtaa wa nyumba 35, na 15 kati ya hizo ni nakala za nyumba zilizoteketea katika vita. Kazi ya mafundi ni safi mno, pengine hapo ndipo penye tatizo, kwa maana kila pembe imenyooka na kila boriti ina rangi ya jana. Warsaw ilijengwa na watu waliokuwa wanazikumbuka nyumba zao. Mtaa huu ulijengwa zaidi ya miaka 70 baada ya moto, na unaonekana kuwafaa zaidi wenye kamera kuliko wenye kumbukumbu.

Dresden ni habari nyingine. Kanisa la Frauenkirche, kazi ya msanifu George Bähr, lilikamilika mwaka 1743 likiwa na kuba la mawe matupu lililoshuka kwa mpindo kama kengele. Baada ya mashambulizi ya anga ya Februari 1945, ambayo tume ya wanahistoria imekadiria yaliua hadi watu 25,000, kuba hilo liliendelea kusimama huku moto ukiendelea ndani. Asubuhi ya tarehe 15 nguzo zilizokuwa zimeunguzwa na joto zilishindwa, na kanisa lote likaporomoka. Serikali ya Ujerumani Mashariki iliacha rundo hilo la mawe kwa miongo minne na zaidi, kwa sehemu kama ukumbusho na kwa sehemu kwa kukosa fedha. Ujenzi ulianza mwaka 1994. Kila jiwe lililoweza kutambuliwa lilipimwa na kurudishwa mahali pake, na mapengo yakajazwa mawe mapya ya aina ileile. Kanisa lilifunguliwa tena Oktoba 2005.

Jiwe la mchanga la bonde la Elbe huwa jeusi kwa kukaa hewani, na ndiyo sababu kuta za Frauenkirche zina madoa: weusi wa mawe yaliyookoka katikati ya weupe wa manjano wa mawe mapya. Upande mmoja umesimama kipande kizima cha ukuta wa zamani, cheusi toka chini mpaka juu. Hakuna kibao kinachohitajika kumweleza mtu kilichotokea, ingawa vibao vipo. Wajerumani niliozungumza nao walisema kwamba baada ya muda mrefu mawe mapya nayo yatakuwa meusi na tofauti itapotea. Nilifurahi kwamba nimeliona kanisa hilo kabla ya wakati huo. Msalaba wa dhahabu ulio juu ya kuba ulitengenezwa na mfua dhahabu wa London ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa marubani waliorushwa kuushambulia mji huo. Ukisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani imetungwa, lakini ni kweli.

Berlin ilinionyesha kwamba kurudisha jengo ni kuchagua, na kwamba kila uchaguzi una aliyeshindwa. Katikati ya mji palikuwa na kasri la wafalme wa Prussia, lililojeruhiwa vitani na kubomolewa na serikali ya Ujerumani Mashariki mwaka 1950. Mahali pake ilijengwa Kasri ya Jamhuri, jengo la vioo vya rangi ya shaba lililofunguliwa mwaka 1976, ambalo ndani yake watu walikutania bungeni na vilevile kwenye matamasha na kwenye mchezo wa kuviringisha mipira. Baada ya Ujerumani kuungana, jengo hilo nalo likabomolewa, na sasa hapo pamesimama Humboldt Forum, jumba la makumbusho na utamaduni, ambalo kuta zake tatu za nje zinaiga kasri la wafalme na ukuta wa nne, unaotazama mto Spree, ni wa kisasa na hauna nakshi yoyote. Mimi nauona ukuta huo wa nne kuwa ndio wenye unyofu. Hizo tatu zimechongwa kwa ustadi usiopingika, lakini zinamtaka mtazamaji asahau kwamba kati ya mfalme na leo palikuwa na watu waliocheza na kuimba hapohapo.

Swali la nini kirudishwe na nini kiachwe si la vita vya karne ya 20 tu. Lisbon ililijibu zamani, na kwa ujasiri. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa liliuangusha mji, kisha mawimbi ya bahari yakaupanda mto Tagus, kisha moto ukawaka kwa siku kadhaa. Waziri mwenye nguvu aliyekuja kujulikana kama Marquês de Pombal alimtegemea mhandisi mkuu wa ufalme, Manuel da Maia, mzee aliyekaribia umri wa miaka 80, ambaye aliweka mezani njia kadhaa, kuanzia kuurudisha mji kama ulivyokuwa hadi kuuacha kabisa na kujenga mwingine upande wa Belém. Iliyochaguliwa ilikuwa kusawazisha kifusi na kuchora mitaa mipya, iliyonyooka na mipana, juu yake.

Anayetembea leo katika eneo la Baixa, yaani mitaa hiyo mipya, anaweza kuchoshwa nalo. Nyumba zinafanana, madirisha yamepangwa kwa vipimo vilevile, nakshi ni chache. Nilitembea Rua da Prata, uliokuwa mtaa wa wafua fedha, na Rua dos Sapateiros, wa washona viatu, na baada ya muda sikuweza kuutofautisha mmoja na mwingine. Ukuu wa Baixa umefichwa ndani ya kuta. Wajenzi waliweka humo viunzi vya mbao vilivyofungwa kwa mihimili iliyokatizana, ili nyumba iweze kuyumba na tetemeko pasipo kuanguka, na inasimuliwa kwamba mfano wa kiunzi hicho ulijaribiwa kwa kuwaamuru wanajeshi wapige kwata kuuzunguka. Kuta zinazotenga nyumba moja na nyingine zilipandishwa kupita paa ili moto usiruke. Katika vizazi vilivyofuata baadhi ya wenye majengo walizikata mbao hizo ili kupanua maduka ya chini, na wahandisi wa Ureno wamelalamikia jambo hilo kwa muda mrefu. Juu ya mlima ulio jirani, kanisa la watawa wa Karmeli liliachwa bila paa, na matao yake matupu yanaonekana mpaka leo. Jengo moja la kubeba msiba wote, na mji mzima wa kuendelea na maisha: mgawanyo huo nimeupenda kuliko mingine yote.

Rotterdam, huko Uholanzi, ilikata shauri kwa namna hiyohiyo, na kwa haraka zaidi. Ndege za Ujerumani ziliushambulia mji mchana wa tarehe 14 Mei 1940. Watu wapatao 850 walikufa, karibu 80,000 walipoteza makazi, na mpaka wa moto uliofuata umewekewa alama leo kwa taa zilizozikwa ardhini, hivi kwamba mtembeaji anaweza kujua kila anapouvuka. Siku chache tu baadaye msanifu wa mji alikwisha kupewa kazi ya kuchora mpango mpya. Kuta nyingi ambazo zingeweza kutengenezwa ziliondolewa pamoja na kifusi. Kanisa la Mtakatifu Laurens liliponea chupuchupu na likakarabatiwa kwa miaka mingi. Mpango wa mwisho, uliopitishwa mwaka 1946, uliweka barabara pana na kutenga maduka, ofisi na makazi, kila kimoja na eneo lake.

Matokeo yake ni mji usiobembeleza mtu. Upepo unavuma kati ya maghorofa, na hakuna mahali pamoja pa kusimama na kusema kwamba hapa ndipo penyewe. Lakini wasanifu wamepewa uhuru ambao sijauona kwingine. Nyumba za mchemraba za msanifu Piet Blom, zilizokamilika katika miaka ya 1980, zimesimamishwa juu ya nguzo zikiwa zimeinamia pembe, na ndani yake kuta zote zimelala upande, hata kabati la kawaida halina pa kuegemea. Nisingependa kuishi humo. Hatua chache kutoka hapo lipo soko la Markthal la mwaka 2014, tao kubwa la makazi lililofunika meza za wauza samaki, jibini na maua, ambako baadhi ya jikoni za wakazi zina madirisha yanayotazama wateja chini.

Jengo lililonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni mtaa wa maduka wa Lijnbaan wa mwaka 1953, wenye maduka mafupi pande mbili, vibaraza vya kukinga mvua na magari yaliyopigwa marufuku. Tangu mwaka 2010 umewekwa katika orodha ya taifa ya majengo yanayolindwa, na mwenye duka anayetaka kubadili sura ya jengo lake sharti aombe kibali, sawasawa na mwenye nyumba ya karne ya 17 huko Amsterdam. Kwa macho tu ni mtaa wa kawaida kabisa, na wageni wengi niliowaona walikuwa wakinunua viatu bila kuinua vichwa. Ulinzi huo naukubali hata hivyo, kwa sababu miji mingi ya Ulaya iliyotengeneza mitaa ya maduka isiyo na magari katika miongo iliyofuata ilikuja kwanza hapa kutazama inavyofanyika.