Hedifoni za laki mbili na nusu: nilifunga macho ndipo nikaamua

Shemeji yangu ana tabia moja: akinunua kitu yeye, cha mwenzie kinageuka taka. Aliagiza hedifoni za kuchomeka sikioni, Moondrop Aria, zikamgharimu kama laki mbili na nusu mpaka kumfikia mkononi. Jumapili akaja kula kwetu, akazikuta zangu mezani, KZ ZSN Pro za elfu hamsini na kitu, nazitumia mwaka wa tatu huu. Akacheka. "Shemeji, wewe na kazi yako ya masikio, bado uko na hizi?"

Kazi yangu ya masikio ni kuandika mahojiano. Watafiti wanarekodi watu, wananitumia sauti, mimi naigeuza maandishi na kulipwa kwa dakika. Kwa hiyo siku nzima nina waya sikioni, na nikiwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto napitisha waya juu ya sikio, chini ya mtandio, kondakta hata hajui kwamba simsikii. Jioni ni taarabu. Nikajisemea, mtu anayeishi ndani ya hedifoni kiasi hiki, laki mbili na nusu si anasa.

Nilipita Kariakoo kuulizia. Kijana wa duka akaniambia, "Mama, hii ina spika tano kila sikio, hiyo unayoitaja ina moja, utapunjwa." Nilitaka kumuuliza mbona basi hizi zangu za elfu hamsini zina mbili kila upande na shemeji anazicheka, lakini jua lilikuwa kali. Idadi ya spika haikuambii kitu. Ni sawa na kuhesabu sufuria ili ujue kama pilau ni tamu.

Shemeji, nimpe haki yake, aliniazima zake wiki mbili. Akanipa na waya mpya kwenye mfuko, maana wa kwanza ulikuwa umeanza kukatakata. Nikachomeka mwenyewe.

Ndugu zangu, zilikuwa mbovu. Besi hamna. Mwimbaji, ambaye kwa kawaida unamsikia katikati ya kichwa, alikuwa kama anaimbia kisogoni, halafu chumba cha pili. Nikampigia mwenyewe. Akasema, kwa sauti ya daktari, "Waya mpya nao huzoezwa, shemeji. Upigie muziki saa mia moja."

Nikaanza! Usiku wa siku tatu mfululizo nililaza hedifoni chini ya mto zikiimba peke yake, simu kwenye chaji. Mume wangu akaamka saa nane za usiku, akasikia mwanamke anaimba kwa mbali ndani ya godoro, akawasha taa. Sijamaliza kumweleza hilo mpaka leo. Na asubuhi ya nne besi ilikuwa palepale, yaani haipo. Nikaanza kutangaza kwa kila mtu kwamba vitu vya bei kubwa ni utapeli, na nikawa na furaha sana.

Aliyeniaibisha ni binti yangu wa kidato cha pili. Aliweka upande mmoja tu sikioni: besi ipo. Akatoa, akaweka wa pili: besi ipo. Akaweka zote: haipo. Akanitazama. Waya wa zile hedifoni una vipini viwili vidogo kila upande, na hakuna kinachokuzuia kuvichomeka kinyume. Mimi upande wa kulia nilikuwa nimevigeuza. Spika moja ikisukuma hewa, mwenzake anavuta, basi sauti nzito zinauana zenyewe kwa zenyewe. Akachomoa, akageuza, akachomeka. Sekunde kumi. Besi hiyo, na mwimbaji karudi nyumbani katikati ya kichwa. (Za KZ zangu sijawahi kukosea. Nilimwambia binti hilo kwa msisitizo.) Saa mia za shemeji sizirudii hapa.

Baada ya hapo zikawa nzuri kweli. Tatizo likawa lingine: nzuri kiasi gani? Maana nikibadilisha haraka haraka, KZ ndizo zilionekana zimechangamka zaidi. Nikatafakari, nikagundua zinapiga kelele zaidi tu. Kwa alama ileile ya sauti kwenye simu, KZ zinatoka kubwa, na sikio la binadamu likipewa vitu viwili huchagua chenye kelele na kukiita bora. Wauza redio wanalijua hili tangu zamani.

Hapa ndipo ninapojivunia, mniache nieleze. Nilikata kipande cha mpira wa maji ule mwembamba unaopitisha mwanga, urefu wa kidole. Upande mmoja nikachomeka hedifoni, upande wa pili nikaubana kwenye tundu la maikrofoni la simu ya mume wangu, pande zote nikaziba na udongo wa kuchezea wa mtoto wangu mdogo (akalia, nikamnunulia mwingine). Kwenye simu ya mume nikaweka programu ya kupima desibeli, yaani ukubwa wa sauti, kwenye yangu nikapiga mlio mmoja mfululizo wa hezi 1,000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba zaidi). KZ zilizidi kwa desibeli tano hivi. Kitufe cha sauti cha simu kinaruka hatua kubwa mno, kwa hiyo nilimalizia kwa kushusha kidogo kwenye ikwalaiza, vile vitelezi vya simu vya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, mpaka namba zikalingana. Chombo hicho hakisemi ukweli wa desibeli zenyewe, lakini kinasema ukweli kuhusu tofauti, na tofauti ndiyo niliyoitaka.

Kisha nikavalisha zote mbili vipira vya aina moja, vile vya mbele vinavyoingia sikioni. Hivi vipira watu wanavidharau, na ndivyo vinavyobeba besi yote: kikiacha upenyo, sauti nzito inatorokea hapo, hata ununue hedifoni za milioni. Nikajifunga kitambaa machoni. Binti anarusha sarafu ya shilingi 200: akija Karume ananivalisha KZ, akija simba ananivalisha Aria, nasikiliza kipande kilekile nusu dakika, nasema ni ipi, anaandika.

Raundi ya kwanza nilipata zote. Nikavimba kichwa. Binti akasema, "Mama, unapata kwa sababu za shemeji yako ni za chuma, zina baridi." Kweli bwana! Tukaanza upya, sasa anazipasha zote mbili kwapani dakika moja kabla ya kunivalisha. Nadhani hakuna maabara duniani iliyofikiria hivyo.

Kwa taarabu iliyorekodiwa vizuri, fidla na kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi) zikitembea pamoja, nilipata 10 kati ya 12. Hapo sibishani: Aria ni laini, na zangu zinachoma kila mwimbaji anapotamka "s". Kwa sauti za mahojiano, 7 kati ya 12. Kwa santuri za Siti binti Saad, zile zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, nilipata 6 kati ya 12, yaani sarafu ingejibu vilevile. Wala si ajabu. Mashine za enzi hizo hazikunasa sauti nyembamba za juu kabisa, sasa hedifoni itoe wapi kisichokuwemo? Nilichopata zaidi ni mikwaruzo ya santuri, safi kabisa, kila mkwaruzo na mahali pake. Kwenye daladala hata sikupima. Injini, honi na yule anayeongea na simu kwa spika vinakutosha.

Nikaona nifanye jaribio moja la mwisho kwa ubahili. Nikashusha zangu desibeli nne hivi maeneo ya hezi 8,000 kwa ikwalaiza, palepale "s" inapochoma, nikarudia ile taarabu. Sasa nikapata 7 kati ya 12. Kwa hiyo sehemu kubwa ya laki mbili na nusu ilikuwa kitelezi kimoja kwenye simu.

Sikununua. Nilinunua vipira vya sponji, vile unavyoviminya vikafumukia sikioni, elfu kumi na kitu jozi tatu. Kwenye daladala vinazuia kelele kuliko vya mpira, kwa hiyo sipandishi sauti kama zamani, na jioni masikio hayanivumi tena. Vinachafuka haraka lakini. Na ukiona upande mmoja umefifia usikimbilie fundi, angalia kwanza wavu wa mbele. Nta ikikauka pale inaziba kabisa. Mimi niliwahi kulipa elfu tano kwa jambo hilo.

Za shemeji nilimrudishia Jumapili, na matokeo kwenye karatasi ya daftari. Akasoma, akasema masikio yangu yamechoka na kazi. Sawa. Kabla hajaondoka akaomba ajaribu vile vipira vya sponji kwenye zake, mara moja tu. Ni wiki ya tatu sasa, nimebaki na jozi mbili.