Narok hadi Nairobi, injini ikimisi mlimani

Tulitoka Narok alfajiri na tani 24 za ngano kwenye trela. Hadi Mai Mahiu injini ilivuta bila kelele. Tulipolipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, mlima wa kwenda Limuru ukaanza, na mambo yakabadilika: gia ya nne, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho, injini inashtuka, inamisi (mwako unarukwa), moshi mweupe unatoka kwa mikupuo. Nikilegeza mguu, inatulia.

Huko kutulia ndiko kunakosema mengi. Nozo (kinyunyizio cha dizeli ndani ya silinda) iliyokufa au silinda iliyokosa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, kwa kawaida husumbua hata lori likiwa limesimama. Injini inayomisi ikidaiwa nguvu tu, mara nyingi ina njaa ya dizeli: bila mzigo inakunywa kidogo na kasoro haionekani, mlimani inataka mara kadhaa zaidi. Moshi mweusi ungenielekeza kwenye hewa, yaani filta ya hewa au mpira uliopasuka wa turbo, mtambo unaosukumia injini hewa. Ila mita 2,000 juu ya bahari hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, kwa hiyo weusi kidogo usikutishe.

Tukasimama penye nafasi, mawe nyuma ya magurudumu ya lori na ya trela, pembetatu mbele na nyuma. Nilifungua kifuniko cha tangi kwanza: kikivuta hewa kwa mluzi, tundu la kupumulia limeziba. Kilikuwa kimya. Chini ya filta tulimwaga maji kama kijiko kimoja, tukabadilisha filta, tukatoa hewa kwenye laini ya dizeli. Kabla ya kilomita moja, ikamisi tena.

Basi spana namba 17. Injini ikinguruma polepole, unalegeza nati ya paipu ya nozo moja nusu mzunguko, kitambaa juu yake, kisha unaikaza na kuhamia nyingine. Mlio ukibadilika, silinda hiyo inafanya kazi. Zote 6 zilibadilika. Tafadhali, kipimo hiki ni cha pampu ya zamani isiyo na kompyuta. Kwenye injini za komoni reli, yaani zile za kompyuta ambazo nozo zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa, presha hupita baa 1,600, na dizeli hutoboa ngozi ikaingia mwilini. Usiguse nati yoyote injini ikiwaka.

Nozo zikiwa salama, nilifunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta. Utingo alipokanyaga mafuta, mapovu yakapita mfululizo, madogo kama ya soda. Tukaifuata laini hadi kwenye tangi. Chini ya klipu mpira ulikuwa na ufa, lakini mkavu kabisa. Upande huo pampu inavuta: dizeli haivuji nje, hewa ndiyo inayoingia, na ndiyo maana ufa wa namna hii hauachi doa.

Tulikata sentimita 5, tukarudisha mpira kwa klipu mpya, tukalegeza skrubu ya juu ya filta na kupiga pampu ya mkono hadi povu likaisha na dizeli ikatoka nzito. Tulipanda hadi Limuru kwa gia ileile bila kushtuka hata mara moja.

Nairobi, baada ya kushusha ngano, tulinunua mpira mpya Kirinyaga Road. Sema wazi ni wa dizeli. Ule wa maji hulainika, ukavimba ndani, na mlimani pampu ikivuta kwa nguvu unajibana na kuziba njia.