Maji ya moto ya papa

Kuna watu wanaodhani Kongo yote ni joto. Waje Lubumbashi mwezi wa Juni. Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika kipindi cha baridi maji ya alfajiri yanauma hadi kwenye mifupa. Kwa hiyo nianze kwa kumtetea papa, yaani baba yangu: kutaka kuoga maji ya moto si udekaji. Mimi nauliza tu nani anayachemsha.

Papa alifanya kazi kwenye tanuri la shaba tangu ujana wake. Kampuni siitaji, mwenyeji ameshaelewa, na mgeni hatapungukiwa kitu. Baba yake, yaani kambo wetu (babu), aliingia kazini zamani za Union Minière, ile ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 wakubwa wake waliona kwamba mfanyakazi anayekaa kambini na mke na watoto ana faida kuliko kijana wa mkataba mfupi anayerudi kwao akishachoka. Ukitaka mtu abaki, umlee. Ndipo zikaja nyumba, posho ya unga, hospitali, shule, maziwa ya watoto, na fuaye ambako kina mama walifundishwa kushona na kupika. Wazee walisema: kazi njo baba, kazi njo mama.

Mimi nilizaliwa kuelekea mwisho wa utamu huo, lakini niliuonja. Taa ya nje iliwaka usiku na mchana, maana bili hatukuijua. Jikoni kulikuwa na jiko la umeme, bafuni kuna lile beseni refu jeupe la kulalia, na maji ya moto yalitoka ukutani kama vile ndivyo Mungu alivyoyaumba. Mwisho wa mwezi papa alirudi na mfuko mzima wa unga. Bei ya unga mama hakuijua, na papa hakuona sababu ya yeyote kuijua.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1986 Katanga, eneo letu hili la migodi, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, ukaporomoka. Kufikia 1994 hata tani 50,000 hazikupatikana. Mishahara ikaanza kuchelewa, na kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka "kwa hiari" na kitita mkononi, kwa fedha za Benki ya Dunia. Papa alikuwa mmoja wao. Kuhusu hiyo hiari, tuiache leo.

Nilichokiona mimi nyumbani ni hiki: mama alibadilika ndani ya msimu mmoja. Alipata kipande cha shamba upande wa Kipushi, akaanza kuuza maharagwe kwenye soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, si ile nchi), akajua kupima, kukopesha na kudai. Papa hakubadilika. Alipoambiwa unga sasa tutanunua kwa meka, lile kopo la kupimia sokoni, alikataa kwa heshima zote: "Mi hapana mutu wa meka." Tungoje pesa itimie, tununue mfuko.

Pesa haikutimia. Mama akawa ananunua meka moja moja akirudi sokoni, anapita mlango wa nyuma, anaimimina ndani ya mfuko wa zamani uliosimama kwenye kona ya jikoni. Papa akipita anaona mfuko umesimama. Bukari, yaani ugali, inakuja mezani, anakula, anashukuru. Sijui kama alijua. Mama naye hajawahi kuulizwa, na sisi watoto tulifunzwa kutotazama ile kona.

Maji yalikwenda njia hiyo hiyo. Chombo cha kupasha maji kilikufa, hakuna aliyekitengeneza. Bomba lilipoanza kutoa maji kwa zamu, lile beseni likawa tangi letu: limejaa maji hadi ukingoni, limefunikwa ubao, bidoni za njano zimepangwa pembeni. Umeme ukawa mgeni wa saa nane za usiku. Basi mama anaamka giza halijaisha, anatoa nje mbabula, lile jiko la bati, anawasha makala, yaani mkaa, anapepea kwa kifuniko cha sufuria, anateleka sufuria kubwa. Papa akiamka maji yako tayari kwenye ndoo. Anatoka bafuni ananukia sabuni, amenyoa ndevu vizuri, anatuambia: tunashukuru Mungu, bado tunaishi kama watu.

Zamani nilidhani papa ameshindwa kuacha raha za kambini. Siku hizi naona hajawahi kutakiwa kuziacha. Kila kilichokatika, mtu mwingine alikidaka kabla hakijagusa sakafu. Ada za shule zilikuwa maharagwe ya mama. Umeme ukawa makala, na makala si kitu chepesi: kila mwaka miti iko mbali zaidi, waendesha baiskeli wanaosukuma yale magunia kutoka barabara ya Kasenga wanatoka mbali zaidi, na gunia linapanda bei. Sisemi papa ni mvivu. Aliamka kwa king'ora cha kazi miaka yote bila kukosa. Lakini hakuna king'ora kilichowahi kumwambia kwamba maji ya moto yana mikono.

(Na msinitazame hivyo. Mimi nina paneli ya jua juu ya bati, na mtu akija kuing'oa tutapigana.)

Mwaka jana mdogo wangu alijifungua Kolwezi, mama akaenda kumsaidia. Siku ya kwanza tu, alfajiri, simu ikalia. Papa. Anauliza mbabula inawashwaje. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085. Papa alilinda tanuri la namna hiyo zaidi ya nusu ya maisha yake, alijua kwa rangi ya moto kama mambo yako sawa. Sasa anauliza makala yanapangwaje kwenye kibati kinachomfika magotini. Nilicheka, kisha nikamweleza: vipande vidogo chini, acha nafasi ya hewa, geuza upande wa upepo. Akasema moshi umemwingia machoni. Nikamwambia, ndiyo, papa, huwa unaingia.

Baada ya siku chache akaacha mbabula kabisa. Alinunua kile chuma cha umeme cha kutumbukiza ndani ya maji, na chupa kubwa ya chai. Umeme ukirudi usiku wa manane anaamka, anachemsha, anajaza chupa, anarudi kulala. Asubuhi anachanganya na maji baridi. Akagundua kwamba chupa moja inatosha ndoo, na ile sufuria kubwa haikuwa na kazi. Alizungumzia ugunduzi huo pale nyumbani kama vile amefungua mgodi. Jirani mmoja alikuja kuangalia.

Mama akarudi. Hakusema lolote kuhusu chupa. Kesho yake aliamka kabla ya papa, akaichukua, akaoga, akaenda sokoni.

Papa akanipigia kushtaki. "Mama yenu amemaliza maji yangu." Nikamwambia anunue chupa ya pili. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, ataona mwisho wa mwezi. Nyuma yake nikamsikia mama: "Mwisho ya mwezi gani?"