Posa, Karata na Istikhara

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wiki hii nimeshughulishwa na jambo la binti wa kaka yangu, ambaye ameniruhusu nilieleze bila ya kumtaja jina. Ameposwa na kijana wa Muheza, na nyumbani kwao Makorora jawabu linangojwa. Usiku mmoja, usingizi ulipomkataa, alifungua simu akaingia mahali panapopigwa ramli kwa karata za taroti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akaandika swali lake, kisha akachagua karata tatu zilizofudikizwa: moja ya yaliyopita, moja ya yaliyopo na moja ya yajayo. Ya tatu ilipofunuliwa ilitoka picha ya moyo uliochomwa panga tatu, na mvua ikinyesha nyuma yake. Akabonyeza ili karata zichangwe upya. Safari hii akatokewa na mwanamume na mwanamke waliosimama chini ya malaika, lakini badala ya kutulia alizidi kutaabika, kwa kuwa sasa alikuwa na majibu mawili. Asubuhi alikuja kwangu akaniuliza, "Shangazi, la kweli ni lipi?"

Nilimweleza kwanza asili ya karata hizo, maana vijana wetu hutishwa upesi na kila kinachodaiwa kuwa ni siri ya kale. Karata zilifika Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Waislamu, hasa Misri iliyotawaliwa na Wamamluki, nazo zilikuwa za mchezo. Taroti ilizuka Italia ya kaskazini katika karne ya 15, nayo pia ilikuwa mchezo wa mabwana wakubwa. Ni mwaka 1781 ndipo Mfaransa Antoine Court de Gébelin alipodai kwamba ndani yake mna hekima ya Misri ya mafarao, wakati ambao hakuna msomi wa Ulaya aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri hiyo. Picha alizoziona binti yangu zilichorwa na Pamela Colman Smith na kutolewa London mwaka 1909. Katika simu hata mkono wa kuzichanga haupo. Programu huokota namba tatu kati ya 78, basi.

"Lakini maelezo yalinijua," akasema. "Yaliandika kwamba nina hofu ninayoificha mbele ya watu." Nami nikamuuliza ni mwanamwali gani aliyeposwa asiyekuwa na hofu ya namna hiyo. Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia huko Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, na wengi wakakiri kwamba yamewaelezea barabara, kumbe wote walipewa karatasi yenye maneno yale yale.

Hukumu yenyewe mnaijua, ndugu zangu, sina haja ya kuirefusha. Aya ya Suratul Maida imeiweka mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, na Hadithi ya kutokubaliwa swala za siku arobaini kwa mwenye kumwendea mpiga ramli na kumuuliza tumeisoma mara nyingi darasani. Lakini mkumbukeni Suraqa bin Malik alipomfuatilia Mtume (s.a.w.) katika Hijra kwa tamaa ya zawadi iliyotangazwa na Makureshi. Alipiga mishale yake, ikamtokea asilolipenda. Akaipuuza, akapanda farasi, akaenda. Yule aliyeiamini mishale hakuitii ilipompinga. Binti yangu naye alipobonyeza mara ya pili alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba moyo wake una jawabu, naye anatafuta wa kumwitikia.

Hapa sasa nataka kusema nasi wazee, na anayekereka anisamehe. Tulikuwa tayari kumgombeza mtoto huyu, ilhali katika nyumba zetu hizi hizi za Ngamiani posa ikiingia, mtu hutoka kimyakimya na jina la kijana, jina la binti na majina ya mama zao, akaenda kuhesabiwa herufi kwa falaki ili aambiwe kama nyota zinapatana. Wangapi wamevunjiwa posa njema kwa hesabu hiyo? Wangapi wameozwa mtu mbaya kwa sababu nyota zilikubali? Mtoto amefanya kwa simu yale tuliyomfunza kwa vitendo, tofauti ni kwamba yeye hakulipa ubani wala udi.

Hata istikhara, swala ya kumwomba Mwenyezi Mungu atuchagulie lenye kheri, tumeigeuza ramli. Tunaiswali, kisha tunalala tukingoja ndoto, tukiota weupe twasema ni kheri, tukiota weusi twasema ni shari. Au tunamwomba mwingine atuswalie na atuletee majibu. Hadithi ya istikhara aliyoipokea sahaba Jabir haikutaja ndoto. Imetaja rakaa mbili zisizo za faradhi na dua ambayo ndani yake mja anakiri, "Wewe unajua nami sijui," kisha anaomba akadiriwe kheri popote ilipo na aridhishwe nayo. Hakuna mahali anapoomba aonyeshwe kesho.

Na mtazameni Fatima binti Qays (r.a.), mwanamke wa zama za Mtume. Eda yake ilipokwisha alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kwamba ameposwa na Muawiya na Abu Jahm. Aliulizwa mtu anayeshukiwa na Wahyi, naye akajibu kwa tabia na hali zinazojulikana: Abu Jahm fimbo yake haimtoki begani, Muawiya ni fakiri asiye na mali, olewa na Usama bin Zayd. Mwanzoni hakumpenda Usama, kisha Mwenyezi Mungu akaitia kheri katika ndoa ile. Ikiwa yeye hakumtafutia mwanamke huyu jawabu katika ghaibu, sisi tunakwenda kutafuta nini huko? Ulizeni majirani, wazee wa msikiti wake na watu aliofanya nao biashara. Akikasirika hufanya nini? Madeni hulipa? Mama yake humsemesha vipi? Posa yangu mimi ilipoletwa, marehemu baba alikataa habari za nyota, akapanda basi kwenda Pangani, akashinda huko akiuliza, na aliporudi alinieleza mazuri na mabaya yote, ndipo akaniachia nichague.

Kaka yangu atakwenda Muheza Jumamosi, inshallah, na binti nimemtaka aiswali istikhara yeye mwenyewe, kwa ulimi wake. Alhamisi baada ya Alasiri tutaisoma dua hiyo darasani neno kwa neno pamoja na maana yake, mpaka kila mmoja aihifadhi. Njooni na mabinti zenu, na ambaye ana posa mkononi aliyokwisha kuipeleka kwenye hesabu ya nyota aje mapema, tuzungumze kabla hajapeleka jawabu kwa watu.