Ametulia

Katika miaka tisa ya kuuguza chumba cha wagonjwa mahututi hapa Tanga, neno "ametulia" nimeliandika kwenye mafaili mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku hizi nasita kabla ya kuliandika.

Mgonjwa anayeweweseka kwa fujo hakuna asiyemwona. Anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani na mpira wa mkojo ukining'inia, anafukuza siafu ukutani ambao sisi hatuwaoni. Tunakimbilia wote. Lakini deliriamu, yaani akili kuchanganyikiwa ghafla kwa sababu ya ugonjwa, ina sura nyingine, ya kimya, na hiyo ndiyo inayotupita. Mgonjwa amelala macho wazi, hamsumbui mtu, nasi kwenye zamu iliyojaa tunashukuru Mungu.

Mwaka jana tulimpokea mzee mmoja, mvuvi, ana homa ya mapafu. Alikaa siku nne kwenye mashine ya kupumulia. Tulipomtoa alikuwa mpole kabisa. "Shikamoo baba," nikamwambia. "Marahaba." Nikaandika: ametulia, anajitambua. Marahaba ile ilinidanganya. Mtu aliyeitikia salamu hiyo maisha yake yote huiitikia hata fahamu zikiwa mbali.

Aliyeona ni binti yake. "Sista, huyu siye baba ninayemjua. Baba hanyamazi. Tangu jana hajaniuliza hata mashua iko wapi."

Nikarudi kitandani na kufanya kipimo cha deliriamu nilichopaswa kukifanya tangu asubuhi. Kinaitwa CAM-ICU, daktari Wesley Ely na wenzake wa Nashville, Marekani, walikichapisha mwaka 2001. Hakihitaji mashine, na dakika chache zinatosha. Nilimshika mkono, nikamwomba animinye kila nikitaja A, kisha nikasoma taratibu: S, A, V, E, A, H, A, A, R, T. Makosa yakizidi mawili, umakini haupo. A zote nne zilimpita. Aliniminya kwenye H.

Yakafuata maswali. Baharini kuna samaki? Wapo. Kilo moja ni nzito kuliko mbili? Ndiyo. Jiwe linaelea majini?

"Linaelea," akasema, huyu mtu aliyetia nanga za mawe tangu utotoni. Binti yake aligeukia dirishani akafuta machozi.

Ndugu wengine walishaanza kunong'ona habari za jini, na sikuwabeza. Ukimwona baba yako hivyo, unatafuta jina la kuipa hali hiyo. Nikawaeleza kuwa mwili ukizidiwa, ubongo nao unayumba, na kazi yetu ni kutafuta kinachouyumbisha. Tukapekua oksijeni, sukari, chumvi za damu, maumivu, mkojo, choo. Tukakuta barakoa ya oksijeni inateleza usiku. Choo hakupata siku tano. Na kila usiku alikuwa akichomwa midazolam ili alale, dawa ambayo yenyewe huchochea deliriamu. Daktari akaifuta. Mwenzangu mmoja alipendekeza haloperidol, dawa ya magonjwa ya akili, lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kuwa haikufupisha deliriamu kuliko dawa ya kuigiza isiyo na nguvu yoyote. Mzee hakuwa akijidhuru wala kuwa na hofu ya kupita kiasi. Hatukumpa.

Tulichompa ni miwani yake, iliyokuwa imefungwa kwenye mfuko kabatini siku zote hizo. Tukageuza kitanda aone mwanga. Binti akaruhusiwa kukaa naye zaidi ya saa za kutazama wagonjwa, na nikamsihi asibishane naye, amwambie tu polepole: baba, uko hospitali, leo Jumanne, mimi ni mwanao. Adhana ya alfajiri ikisikika, namwambia kumekucha. Usiku tulizima taa za juu, tukakusanya kazi zetu pamoja ili tusimwamshe kila saa. Mchana tukamketisha ukingoni mwa kitanda, miguu chini, watu wawili tukimshikilia.

Haikunyooka. Asubuhi anakuwa mzima, magharibi anapotea tena, na ndiyo maana kupima mara moja kwa siku hakutoshi. Siku ya tano nilimuuliza tena habari ya jiwe. Akanitazama kwa mshangao. "Likielea, mwanangu, nanga tunatia ya nini?"

Kabla ya kuhamia wodini alinihadithia. Sauti za mashine alizisikia kama injini ya chombo. Sisi tuliovaa barakoa tulikuwa tunampeleka mkondoni kumtosa, na kila tulipomgeuza ubavu alijua ndiyo saa yenyewe imefika. Akaamua kunyamaza, labda tutamsahau.

Nikamuuliza mbona hakumwambia mtu.

"Nimwambie nani?" akasema. "Nyote mlikuwamo chomboni."