Siku Moja Maishani Mwangu: Mchana na Usiku Kwenye Mgahawa Uleule

Saa 2 asubuhi

Chai nyepesi na kipande cha mkate, basi. Siku ya kazi sigusi pilipili, sinywi kahawa wala sijipulizii manukato, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani. Kazi yangu ni kula. Wenye migahawa huniajiri nikae mezani kama mgeni yeyote, nilipe bili, kisha niwaandikie nilichokiona. Wahudumu hawanijui, wapishi hawanijui.

Mgahawa wa leo unasifiwa sana kwa uzuri wake, na wengi huanza kupiga picha kabla hata ya kukaa. Mwenyewe, mzee mmoja mtaratibu, alinieleza shida yake kwenye simu: wapo wageni wanaotoka wakiwa wamefurahi na wapo wanaotoka wamenuna, na wote wamekula chakula kilekile. Shida ya aina hii ndiyo inayonigusa kuliko nyingine zote. Mgahawa mbovu hujulikana mapema na watu wakauepuka. Unaokuwa mzuri leo na mbovu kesho ndio unaoumiza, maana mtu huletwa na sifa alizosikia kwa jirani, akajinyima, akavaa, akamleta na mkewe kusherehekea jambo lao, halafu siku yake ikaangukia upande mbaya.

Saa 4 asubuhi

Naweka nafasi mbili kwa majina tofauti, moja ya mchana, moja ya usiku. Aliyepokea simu ana sauti nzuri na anarudia tarehe, saa na idadi ya watu kabla ya kukata. Naandika hilo.

Halafu nachagua vyakula. Nitaagiza supu ya maboga, samaki wa kukaangwa na keki ya chokoleti, na usiku nitaagiza hivyohivyo. Anayeagiza kipya kila mara atajua menyu, lakini hatajua kama jiko linatunza ahadi yake. Kitabu cha Michelin, kilichoanza mwaka 1900 Ufaransa kama mwongozo wa wenye magari na kuanza kuipa migahawa mizuri nyota mwaka 1926, kina vigezo vitano vya kutoa nyota, na kimojawapo ni hiki: chakula kiwe na kiwango kilekile katika menyu nzima, na kiwango hicho kidumu ziara kwa ziara. Nyota zenyewe hutolewa kwa kilichomo sahanini tu. Mapambo ya ukumbi hayahesabiwi. Mimi sigawi nyota, ila kigezo hicho ndicho ninachotoka nacho nyumbani.

Saa 7 mchana

Ukumbi ni mzuri kweli, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Sakafu ya zege lililosuguliwa mpaka likang'aa, vioo kutoka chini hadi juu, taa za shaba zilizoning'inizwa chini kidogo juu ya kila meza. Watu ni wachache na mwanga wa mchana unafika kila kona.

"Karibu sana, mama. Ungependa karibu na dirisha?"

"Asante, mwanangu. Hapo patanifaa."

Kijana huyu ana kipaji. Anaweka maji bila kuombwa, ananiachia muda wa kusoma, anarudi wakati ninapofunga menyu. Namuuliza swali ninalouliza kila mahali: je, kwenye sosi ya samaki kuna karanga, korosho au kitu chochote cha jamii hiyo? Hajibu papo hapo. Anasema, "Naomba nikamuulize mpishi," anakwenda, anarudi: ndiyo, sosi imetiwa lozi zilizosagwa, na wanaweza kuniletea samaki bila sosi kama nina mzio. Naandika maneno yake yote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataja vyakula 14 vinavyosababisha mzio ambavyo mgeni lazima aelezwe, na vya jamii ya lozi vimo. Penye sheria au pasipo sheria, jibu sahihi kwa swali hili ni lile lililotoka jikoni.

Supu inafika baada ya dakika 9, bakuli limepashwa moto. Nina kipimajoto kidogo cha sindano ninachokitumia kwa siri: nyuzi 68. Samaki anafika dakika 18 tangu niagize. Ngozi kavu, inavunjika kwa uma. Nyama inaachana vipande vipande, ina unyevu. Samaki hana subira ya nyama ya ng'ombe. Misuli yake imeshikwa na tishu laini sana, hivyo huiva kwa joto dogo, na dakika mbili za ziada humkamua maji yote. Aliyempika huyu alimtoa kwenye kikaango kwa wakati wake, na aliyembeba hakusimama njiani.

Kisha keki. Nje laini, katikati ya baridi na ngumu, imetoka kwenye friji sasa hivi. Juu yake krimu imefanya ngozi nyembamba, dalili kwamba ilimwagwa mapema ikaachwa. Mlo mmoja, meza moja, saa moja, na tayari kuna vyakula viwili vizuri na kimoja kibaya. Namuuliza kijana kwa upole keki hutengenezwa lini. "Mpishi wa keki huingia saa 9, mama. Ya mchana ni ya jana." Amesema kweli bila kujitetea, na amenipunguzia kazi kubwa.

Saa 9 alasiri

Nakaa kwenye benchi na daftari kabla kumbukumbu haijajipamba. Nikichelewa nitakumbuka samaki tu.

Watu wengi wakipata chakula kisicho sawa huwaza kwamba mpishi hajui kazi. Mara chache ndivyo ilivyo. Jiko la mgahawa mkubwa limegawanywa kwa vituo, mpango uliopata sura yake ya kisasa kwa Auguste Escoffier alipoongoza jiko la hoteli ya Savoy mjini London katika miaka ya 1890: mmoja kwenye sosi, mwingine kwenye samaki, mwingine kwenye nyama za kuoka, mwingine kwenye mboga, mwingine kwenye keki. Sahani moja basi ni kazi ya mikono mitatu au minne inayotakiwa kukutana dakika ileile kwenye dirisha la kutolea chakula, na baada ya hapo ni mikono ya mhudumu. Ukumbi ukiwa na watu kumi mikono hiyo hukutana yenyewe. Ukijaa, lazima awepo mtu wa kuikutanisha, anayeita oda kwa sauti na kuamua nani aanze lini. Ndiyo maana sipimi mgahawa mchana peke yake.

Saa 12 jioni

Nabadilisha nguo, nafunga kilemba, nampitia mwenzangu wa kazi. Zamu ya jioni iliingia saa 10, kwa hiyo hakuna wa mchana atakayenikumbuka.

Saa 2 usiku

Ukumbi uleule, dunia nyingine. Meza zote zimejaa. Zege na vioo vilivyonipendeza mchana sasa vinarudisha kila sauti. Hakuna zulia, hakuna pazia, hakuna kitambaa ukutani cha kumeza kelele. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujijua, na ndicho kinachotokea hapa: kila meza inapandisha ili ishinde jirani, na jirani naye anapandisha. Programu ya simu yangu inaonyesha desibeli 84. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa kama 60. Taa zimepunguzwa, menyu imechapwa kwa herufi ndogo za kijivu, na mzee wa meza ya pili anaisoma kwa tochi ya simu. Anayeagiza ananyosha shingo, anayeandika anainama, na mwenzangu aliyeomba nyama iliyoiva sana ataletewa yenye damu katikati.

Tumewekwa meza ya nguzoni. Inanichukua robo saa kuelewa kwa nini hatuonekani: iko mpakani mwa maeneo ya wahudumu wawili, na kila mmoja anapita akiamini ni ya mwenzake. Hawa si wavivu. Wote wawili wanakimbia, wana jasho.

Mwishowe binti mmoja anasimama kwetu. Namuuliza lile swali la karanga na korosho. Anatazama nyuma, anatazama trei aliyobeba, anasema, "Hamna, mama. Hamna kabisa."

Lozi zile za mchana bado zipo kwenye sosi. Nitazitambua kwa ulimi baadaye.

Supu: nyuzi 49, bakuli la baridi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe; sidhani kama supu hii iliharibikia sufuriani, iliharibikia njiani. Samaki anakuja dakika ya 41. Ngozi imelegea, nyama imekauka mpaka inashika meno, na sosi imekaza pembeni ya sahani ambayo ni ya moto kuliko chakula chenyewe. Maelezo yote yamo kwenye sahani hiyo. Samaki aliiva mapema akawekwa dirishani chini ya taa ya joto kusubiri nyama ya mwenzangu, kwa sababu tuliagiza pamoja. Mvuke wake ukalainisha ngozi, na joto la taa likaendelea kumpika. Mikono iliyompika inaweza kuwa na ustadi uleule wa mchana. Hakuna aliyemwambia, "Subiri, nyama bado dakika kumi."

Keki ya usiku, kwa upande mwingine, ni ya kupigiwa makofi. Ya joto, katikati inatiririka, krimu imemwagwa mbele yetu. Mgeni wa mchana hataijua keki hii kamwe, na mgeni wa usiku hatamjua samaki yule.

Saa 4 usiku

Tunaomba bili, inakuja baada ya dakika 22, ikiwa na kinywaji cha meza nyingine. Wanairekebisha kwa heshima.

Nikitoka tu nje nampigia mzee. Ripoti huwa naituma kesho yake, lakini suala la lozi halilali.

"Mzee, kuna mhudumu anawaambia wageni sosi haina lozi."

"Kesho kabla ya kufungua nitawaita wote, dada."

"Bado kuna meza zinaagiza sasa hivi."

Akanyamaza kidogo, akakata simu. Baada ya dakika chache akanipigia tena: amezungumza na mpishi mkuu, na oda zote za samaki zinaulizwa upya.

Saa 5 usiku

Naandika ripoti ningali na ladha mdomoni. Oda ya samaki na nyama ianze kwa nyama. Usiku awepo mtu mmoja dirishani asiyepika, kazi yake kuita na kuoanisha. Meza ya nguzoni ipewe mhudumu mmoja kwa jina. Keki ya mchana itolewe kwenye friji mapema au iondolewe kwenye menyu ya mchana. Dari ipigwe vibao vya kunyonya sauti. Uzuri wa ukumbi hautapungua.

Mzee ananiandikia ujumbe: yule binti amwachishe kazi? Namjibu kwamba sitamtaja kwenye ripoti. Badala yake namwomba anijibu swali moja: je, kuna siku wahudumu wa jioni walionjeshwa sosi ile na kuelezwa kilichomo? Anajibu kwamba wa mchana huonjeshwa kila wiki na mpishi mkuu. Wa jioni huingia saa 10, wakati yeye yuko kwenye maandalizi. Hilo naliweka ukurasa wa kwanza, juu ya samaki.