Amplifaya ya daraja A kwa bei nafuu
Baada ya kulinganisha bei kwa muda mrefu, nimechagua amplifaya (kikuza sauti) ya daraja A inayofuata mchoro uliochapishwa na Mwingereza John Linsley Hood mwaka 1969, kwa kuwa kila chaneli, yaani upande wa kushoto au wa kulia wa sauti, inahitaji transista (vipande vidogo vinavyodhibiti umeme) nne tu na bodi zake za saketi zinapatikana kwa bei nafuu. Nguvu yake ni wati 10 hivi, nazo zinatosha sebuleni, mradi spika ziwe zile zinazotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Kwa kuwa ni ya daraja A, transista zake hupitisha umeme muda wote, hata muziki usipopigwa, hivyo vyuma vya kupoozea huwa vya moto sana na lazima amplifaya iwekwe mahali penye hewa. Fidla za taarabu zinasikika safi mno, na kwangu hilo linafidia gharama ya umeme.